Kuhesabu Seli za Damu kwa Kompyuta: Tatizo la Mpaka

Kuhesabu ni kazi ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa nyepesi mno kwa kompyuta. Katika picha za seli za damu, hata hivyo, ugumu hautokani na tarakimu bali na swali linalozitangulia: seli moja huishia wapi, na ya pili huanzia wapi?

Uchunguzi wa malaria waudhihirisha ugumu huu. Mtaalamu wa maabara hupaka utando mwembamba wa damu juu ya kioo, huutia rangi ya Giemsa, kisha huutazama kwa hadubini. (Neno darubini, ambalo wengi hulitumia hapa, lafaa kuachiwa wanaotazama nyota.) Huhesabu seli nyekundu na kubainisha ni ngapi zimeingiwa na vimelea. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, seli zenye vimelea vya Plasmodium falciparum zikizidi asilimia 10, hicho ni kigezo kimojawapo cha malaria kali. Jicho la binadamu huchoka. Ndipo picha hukabidhiwa programu.

Programu haioni seli. Huona pikseli, yaani vijinukta ambavyo kila kimoja kina tarakimu ya mwangaza wake. Kwanza huwekwa kizingiti: pikseli zenye giza kukipita huhesabiwa kuwa seli, nyingine huwa mandhari tu. Njia aliyoichapisha Nobuyuki Otsu mwaka 1979 hukitafuta kizingiti hicho katika picha yenyewe, kwa kuzigawa pikseli katika makundi mawili ambayo kila moja lina mfanano mkubwa iwezekanavyo ndani yake. Lakini seli nyekundu, yenye upana wa mikromita 7 hadi 8, imebonyea katikati, na hapo mwanga hupenya zaidi. Programu huweza kuiona kama bangili, hivyo shimo hilo sharti lizibwe.

Taabu hasa huanza seli zinapogusana. Kila pikseli ya seli hupimwa umbali wake kutoka ukingoni, na zile za mbali kabisa hufanywa kuwa vina vya mabonde. Kisha mabonde hayo hujazwa maji, kwa hesabu tu, na maji ya mabonde mawili yanapokaribia kukutana hujengwa ukuta. Ukuta huo ndio mpaka. Mbinu hii hutenganisha vyema seli zilizogusana. Zilizolaliana sana huishinda, na seli ndefu yenye umbo la mundu huenda ikakatwa mara mbili.

Kosa la namna hii si dogo. Ikiwa seli ni 1,000 na 95 zina vimelea, kiwango ni asilimia 9.5. Programu ikiziunganisha jozi 100 za seli zisizo na vimelea, itapata seli 900, nacho kiwango kitapanda hadi takriban 10.6. Mgonjwa ni yuleyule, damu ni ileile, ila sasa amevushwa kizingiti cha malaria kali. Kwa hiyo programu kama ImageJ, iliyoasisiwa na Wayne Rasband nchini Marekani, huweza kuichora mipaka iliyoipata ili mtaalamu ailinganishe na picha, akazitenganishe seli zilizounganishwa kabla hajaandika jibu.