Tarehe ya Barua Pepe, kutoka Kapiri Mposhi hadi Makambako

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, huunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, Zambia, umbali wa kilomita 1,860. Makambako, mahali barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Zambia, ni mojawapo ya stesheni zake. Saa za Tanzania zimetangulia zile za Zambia kwa saa moja. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini yaweza kumtia mtu hasarani.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa mbao wa Njombe apokea barua pepe mbili. Wakala wake wa Makambako amwandikia, "Pakia mzigo":

Tue, 14 May 2024 11:00:00 +0300

Mnunuzi wa Kapiri Mposhi naye aandika, "Usipakie":

Tue, 14 May 2024 10:30:00 +0200

Ipi iliandikwa mwisho? Atazamaye saa peke yake atasema ya Makambako, naye atapakia. Lakini tarakimu za mwisho huonyesha saa za mahali zimeitangulia saa ya dunia (UTC) kwa kiasi gani. Tukitoa kiasi hicho, Makambako ni 08:00 na Kapiri Mposhi 08:30. Neno la mwisho, basi, ni "Usipakie".

Mstari huo una mitego mingine. Kanuni ya mwaka 1982 iliandika mwaka kwa tarakimu mbili. Kanuni ya mwaka 2001 ikaagiza kwamba 00 hadi 49 zisomwe kuwa 2000 hadi 2049, na 50 hadi 99 kuwa 1950 hadi 1999. Tena, miezi huandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza tu. Programu ikiandika "Mei", kompyuta ya mpokeaji huenda isiielewe.

Si busara kila mtunzi wa programu ayafumbue haya upya. Hutungwa maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa maagizo yaliyo tayari kutumiwa na programu nyingine, kisha ikafungashwa. Kama mzigo wa reli, kifurushi hicho hakina budi kuwa na hati zake: jina, namba ya toleo, leseni, na orodha ya programu zinazotegemewa. Aghalabu huambatana na majaribio: tarehe kadhaa zenye majibu yanayojulikana, ambazo yeyote aweza kuzipima. Ufumbuzi wa tarehe ukibadilika, namba ya toleo nayo sharti ibadilike. La sivyo, ofisi mbili zaweza kusoma barua ile ile kwa siku mbili tofauti, kila moja ikidhani i sahihi.

Walimu na wawape wanafunzi zoezi hili: barua iliyotoka Lusaka Jumanne 23:30 +0200, kwa kalenda ya kompyuta iliyoko Makambako, iliandikwa siku gani, na kwa Kiswahili ni saa ngapi?