Kabla ya Mtalimbo, Tazama Dari

Mzee akishikwa na maradhi ya miguu, akaletewa kiti cha magurudumu, kikwazo cha kwanza katika nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa ni mlango wa chumba chake. Kiti hakipiti. Huitwa fundi mwashi, naye hugonga ukuta, akatega sikio, akasema hauna neno. Kesho atakuja na mtalimbo.

Nasema asije bado.

Nyumba kongwe za Ndia Kuu na Kibokoni hazikusimamishwa kwa nguzo za zege. Kuta zenyewe ndizo nguzo: mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, unene wake kiasi cha nusu mita. Juu yake hulala boriti za mikoko, na juu ya boriti, mawe na chokaa tena. Boriti haziendi mbali, takriban mita 3 tu, ndiyo sababu vyumba vya wazee wetu ni vyembamba, na ndiyo sababu kuta nyingi za ndani zimebeba mzigo. (Mwalimu wa fizikia atafutaye mfano wa mzigo na tegemeo awapeleke wanafunzi wake huko.)

Kugonga hakumwambii fundi kitu. Na ainue macho. Vichwa vya boriti vikiegemea ukuta ule, umebeba dari. Boriti zikienda sambamba nao, bado apande ghorofani aone kama hapana ukuta mwingine ulioukalia. Tena kiini cha kuta hizi ni vifusi; kizingiti cha juu kikitolewa, mawe humwagika. Sharti dari itegemezwe kwanza kwa magogo pande zote mbili, ndipo kizingiti kipya, kirefu kuliko upana wa mlango, kiingizwe nusu ya unene wa ukuta kwa zamu.

Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka ikikarabatiwa, na watu wawili wakafa. Hapakuwa na habari ya kupanua mlango pale, lakini kuta zake nazo ni za matumbawe na chokaa.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na kazi kama hii yataka idhini. Wenye nyumba hulalamika kwamba idhini huchelewa ilhali mzee yu kitandani. Wana haki. Lakini mara nyingi kinachopungua ni sentimita chache tu. Maadamu fremu haikubeba kizingiti, ing'olewe pamoja na mbao zake, litundikwe pazia, na mzee atoke barazani jioni hii hii.