Kompyuta na Sisi (5): GB za kadi ya gemu na kete za bao

Mpwa wangu ana kibanda cha gemu Maili Moja, Kibaha. Usiku mmoja alinipigia simu sauti imempanda kwa furaha.

"Shikamoo mjomba. Nimepata kadi ya GB nne, bei ya kutupa!"

"Marahaba. Kadi gani?"

"GT 730."

"Memori yake ni DDR3 au GDDR5?"

Akanyamaza kidogo. "Mjomba, nimeshakwambia, GB nne."

Nikajua sehemu hii ya tano imejiandika yenyewe. Niliahidi kuzungumzia pawa saplai, lakini hiyo itasubiri. Na si mpwa wangu tu aliyenisukuma. Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya memori za Crucial, zile tunazonunua sisi watu wa kawaida, ili bidhaa zake ziende kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Memori nyingi za dunia hutoka kwa kampuni tatu: Micron, na Wakorea wawili, Samsung na SK Hynix. Hao hao ndio wanaotengeneza hata ile inayobandikwa kwenye kadi za grafiki. Mzalishaji akimgeukia mteja mnene, wewe na mimi tunagombea makombo, na makombo hupanda bei. Zama kama hizi asiyejua kipimo chake hulia mara mbili: kwanza dukani, kisha nyumbani.

Waliotufuata tangu mwanzo wanakumbuka tulivyotenganisha prosesa, RAM na diski, kwa hiyo sirudii. Leo swali ni moja: kadi ya grafiki inahitaji memori kiasi gani ili gemu lichezeke? Wasomaji wanaonifahamu watakuwa wameshacheka, maana wanajua nitaanzia wapi.

Nitaanzia chini ya mwembe wangu hapa Kisarawe, kwenye ubao wa bao alioniachia marehemu baba. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Kete ni 64, kila mchezaji 32. Bao la Kiswahili, tofauti na vijibao vya watoto, halianzi na kete zote ubaoni. Unaweka sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, basi. Zilizobaki, kete 22, unazo mkononi. Hapo mnacheza namua: kila zamu unaingiza kete moja, moja tu, hata kama unaona mlo wa kumtoa mwenzako jasho. Zikiisha za mkononi ndipo mnaingia mtaji, na hapo ubao unawaka. Mtu anaokota, anasambaza, anakula, anasambaza tena, mkono hautui. Na kete iliyoliwa haitoki nje, inapandwa upande wa aliyekula. Ubao ni ule ule na kete ni zile zile 64 mpaka mwisho.

Mchezo huu Mwalimu Nyerere aliupenda na kuucheza mbele za watu. Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alifunga safari hadi Zanzibar kukaa na mafundi wake, akachunguza wanavyohesabu kichwani mizunguko ya kete ambazo mkono bado haujazigusa. Mwaka 1995 akatetea tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden. Jina la tasnifu hiyo kwa Kiswahili ni Mipaka ya Akili. Mtu wa Leiden anatoka kwao kuja kupima kumbukumbu ya mzee wa barazani, na sisi wenye wazee hao tunawafukuza watoto wasikae nao, eti wanapoteza muda.

Turudi kwenye kadi. Memori ya kadi ya grafiki ni ubao. RAM ya mashine ni mkono wenye zile kete 22. Prosesa ya kadi inacheza na kilichomo ubaoni kwa kasi ya mtaji. Ikihitaji kilichobaki nje, inakipata kwa mwendo wa namua.

Sasa tupige hesabu, maana somo la kompyuta lisilo na hesabu ni soga. Kioo cha kawaida cha Full HD kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha: nukta 2,073,600. Kila nukta inabeba baiti 4 za rangi. Jumla ni baiti 8,294,400, yaani MB 8 na ushee. Hiyo ni picha nzima unayoiona. Kioo cha 4K kina nukta mara nne, na picha yake ni kama MB 33. Sasa kama picha nzima ni MB 33, hizo GB zote zinakwenda wapi?

Zinakwenda kwenye nguo. Ukuta, jani, jezi au bati la nyumba ndani ya gemu ni umbo tupu lililovikwa picha, na picha hiyo mafundi wanaiita tekscha. Chukua tekscha ya nukta 4,096 kwa 4,096. Kwa baiti 4 kila nukta, ni MB 64. Watengenezaji huibana hadi robo, inakuwa MB 16. Kisha huongezewa nakala zake ndogo ndogo za kuonyesha kitu kikiwa mbali, na nakala hizo hula theluthi moja zaidi. Tumefika MB 21 na kidogo. Lakini ukuta mmoja haukubali nguo moja: unataka ya rangi, ya mikunjo na ya namna unavyong'aa. Mara tatu: MB 64.

Kadi ya mpwa wangu ina GB 4, yaani MB 4,096. Gawanya kwa 64. Unapata 64. Vitu 64 vya namna hiyo na ubao umejaa, idadi ile ile ya kete zangu! Naapa sikupanga. Niliifanya hesabu hii mara tatu nyuma ya bahasha ya bili ya maji, nikamwita mke wangu aje aione. Akaniuliza kama bili yenyewe nimelipa.

Zamani ubao mdogo ulitosha kwa sababu nguo zilikuwa chache. VGA ya IBM ya mwaka 1987 ilikuwa na KB 256. Voodoo ya 3dfx, iliyotoka 1996 na kuwapagawisha vijana wa Ulaya, MB 4. GeForce 256 ya mwaka 1999, MB 32. Vioo havikukua kwa kasi hiyo. Ni nguo zilizoongezeka.

Ubao ukijaa, gemu halizimiki. Linaanza kuchota kutoka RAM kupitia sloti. Kadi kama GTX 1650 ya GDDR5 husoma memori yake kwa GB 128 kwa sekunde, lakini sloti yake ya PCIe kizazi cha tatu hupitisha takriban GB 16. Moja ya nane. Hapo ndipo mchezaji anakata kona, gemu linaganda kama lililosahau jambo, kisha linaruka. Vijana wa kibandani husema "inakwama" na kulaumu umeme, pedi au mwenye kibanda.

Lakini ubao mkubwa wenye mchezaji mzito haufai kitu, na hili ndilo nililokuwa namuuliza mpwa wangu. GT 730 ya DDR3 husoma memori yake kwa kasi isiyofika hata GB 30 kwa sekunde. GB nne zipo kweli, hajadanganywa. Ila kabla hajazijaza, prosesa ya kadi imeshachoka. Ni kumpa mtoto anayejifunza bao ubao wa mashimo mia. Na jina la kadi halikulindi. GT 1030 ilipotoka 2017 ilikuwa na GB 2 za GDDR5, kasi GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, jina lile lile, GB zile zile 2, lakini za DDR4, kasi karibu 17. Hata penye bei kubwa hali ni hiyo: GTX 970 ya 2014 iliuzwa kama kadi ya GB 4. Januari 2015 ikajulikana kwamba nusu GB ya mwisho inasomwa kwa kasi ndogo mno. Nvidia, kampuni yenye kadi hiyo, ikashtakiwa, na mwaka 2016 ikakubali kuwalipa wanunuzi wa Marekani dola 30 kwa kila kadi. Mmarekani alilipwa kwa sababu aliuliza.

Na sisi tuna historia yetu ya kutouliza. Mwaka 1965, mwaka ule ule Shule ya Sekondari Kibaha ilipoanza, kompyuta ya kwanza ya nchi hii ilifungwa Wizara ya Fedha: ICT 1500, ya kampuni ya Uingereza. Yakafuata majaribio ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine, na yakaenda mrama. Wataalamu wengi walikuwa wageni, gharama zikapanda, hesabu hazikukaa sawa. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta, pamoja na televisheni. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Ndugu zetu Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi. Sisi Bara tulisubiri hadi 1994, na kompyuta zikarudi kwa mlango wa mbele mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990.

Wengine huicheka marufuku ile. Mimi siicheki, wala siisifu. Nchi ilinunua ubao kabla ya kujifunza mchezo, ikapoteza, ikaubeba ubao na kuufungia stoo. Linganisha na mradi wa Tumbi, hapo hapo Kibaha. Mkataba na nchi za Nordic ulitiwa saini 1963, zikajengwa shule, huduma ya afya na kituo cha kuwafundisha wakulima, na mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwetu. Pale kwanza iliulizwa kazi ni ipi, kisha vikaja vyombo. Ningekuwa na mamlaka, kila chumba cha kompyuta cha sekondari, kuanzia Minaki hapa kwetu, kingekuwa na ubao wa bao pembeni ya mlango. Mtoto asiguse kibodi kabla hajacheza namua hadi mwisho.

Mhariri ananikumbusha nafasi. Kwa ufupi basi. Magemu ya zamani kama GTA V, ambalo watengenezaji wake walipendekeza GB 2, na mpira kwa picha za wastani: GB 4 za GDDR5 au zaidi zinatosha. Magemu mapya kwa Full HD: anza GB 8, na ujue utapunguza nguo. Ukitaka ikae miaka kadhaa, au kioo chako ni cha 1440p: GB 12 hadi 16. Kwa 4K usishuke chini ya 16. Kompyuta ya mtumba ya ofisini mara nyingi haina waya wa ziada wa umeme wa kadi, kwa hiyo tafuta isiyozidi wati 75. Soma aina ya memori kabla ya kusoma wingi wake.

Jumapili mpwa wangu alikuja Kisarawe na kadi yake mfukoni. Muuzaji alikataa kuirudisha. Nikampigia jirani yangu mwenye steshenari ya kuchapa barua za maombi ya kazi, ambaye mashine yake ilikuwa haionyeshi kitu tangu Idi. Tukaichomeka, kioo kikawaka mara ya kwanza. Akamlipa kijana pesa yake, pungufu kidogo. Kadi ile sasa inaonyesha herufi kutwa nzima na haijakwama.

Kisha tukakaa chini ya mwembe. Nilimfunga mara mbili. Ya tatu, akiwa amebakiwa na kete nne mkononi, aliingiza moja kwenye shimo nisilolitazama, akala, akazunguka, akavuna nyumba yangu yote. Nikamuuliza alilionaje. "Nilihesabu kwanza, mjomba."

Wiki ijayo, Mungu akipenda, pawa saplai.