Sheeko Sheeko: Hadithi ya Mdomo wa Lafey

Paukwa! Nawasikia mkiitikia "pakawa". Sasa nibishe hodi mlango mwingine: Sheeko sheeko! Mbona kimya? Mtoto wa Lafey angekuwa ameshajibu: "Sheeko xariir!" Maana yake ni hadithi ya hariri. Ile x ni h nzito itokayo kooni, kama ya Kiarabu. Itamkeni polepole: xariir, hariri. Kumbe neno mlilodhani geni mnalo nyumbani! Na "qalin" ni kalamu, "kitaab" ni kitabu, "macallin" ni mwalimu.

Lafey iko Kaunti ya Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Ni nchi kavu, nchi ya ngamia. Sisi kwa kawaida husema ngamia, basi. Mtoto wa huko ana "geel" kwa kundi zima, "hal" kwa jike, "awr" kwa dume la kubeba mizigo, "qaalin" kwa jike changa na "nirig" kwa ndama. Lugha yenyewe Wasomali huiita "af", yaani mdomo. Af Soomaali: mdomo wa Kisomali.

Haya, tumfuate mchungaji. Akiswaga ngamia wake mashariki hadi Somalia, atakuta Kisomali ni lugha rasmi ya nchi. Akielekea kaskazini, Ethiopia, atakuta Jimbo la Somali likiendesha ofisi zake kwa Kisomali, na mwaka 2020 serikali ya Ethiopia ilitangaza kukiingiza miongoni mwa lugha za kazi za nchi nzima. Akirudi Lafey, Kisomali kile kile ni lugha ya jamii moja kati ya jamii nyingi. Mdomo wake ni ule ule; cheo kimepanda na kushuka njiani. Wala msidhani wingi wa watu ndio huamua. Djibouti Wasomali ndio wengi, lakini lugha rasmi ni Kifaransa na Kiarabu. Na mipaka hiyo ilichorwa na watawala wa kikoloni. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na ndugu wakajikuta pande mbili.

Je, Kenya inasemaje? Fungueni Katiba ya 2010, kifungu cha 7. Lugha ya taifa ni Kiswahili: ndiyo ya kukutania, mtu wa Lafey na mtu wa Kisumu waelewane. Lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza: ndizo za sheria, mahakama na ofisi. Kisha kifungu hicho hicho kinaiamuru serikali ilinde na kukuza lugha za jamii zote, pamoja na Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Vifungu vingine vinaongeza kwamba mtu akikamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na akishtakiwa bila kuielewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Kwa hiyo bibi wa Lafey asiyejua Kiswahili ana haki kamili mbele ya hakimu.

Ugumu huanzia darasani. Tuseme binti wa miaka sita ameingia Gredi ya 1. Alfajiri alikuwa chuoni akisoma Kurani kwa Kiarabu. Saa mbili mwalimu anasema Kiswahili, kitabu cha hesabu kinasema Kiingereza, na kichwani mwake mna Kisomali. Kuhesabu anajua, mbuzi wa nyumbani amewahesabu mara nyingi. Ila hapo shuleni anaonekana hajui. Tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera ya elimu imesema watoto wadogo waanze kufundishwa kwa lugha ya eneo lao. Lakini sera haiingii darasani kwa miguu yake. Inahitaji mwalimu anayeijua lugha hiyo, na Mandera walimu wengi walitoka mbali. Wengi wao waliondoka baada ya mashambulizi ya kigaidi ya 2014, na madarasa yakabaki bila mtu.

Isisemwe kwamba Kisomali hakiandikiki. Tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ya Somalia ilitangaza kwamba kitaandikwa kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1974 ikafanya jambo ninalolipenda kuliko yote katika hadithi hii: wanafunzi wa sekondari walitumwa kwa wafugaji kuwafundisha kusoma. Hebu fikirieni, kijana wa shule anamfundisha babu herufi huku ngamia wakicheua kando!

Mimi naandika Kiswahili na nakipenda. Nataka kila mtoto wa Lafey akimudu sawasawa, maana ni mali yake kama ilivyo yangu. Lakini atakifikia upesi akianza na mdomo alio nao, kuliko akiambiwa aufunge kwanza. Na Kisomali nacho, lugha ya jamii yenye watu zaidi ya milioni 2.7 katika sensa ya Kenya ya 2019, kina majirani wadogo. Kwenye msitu wa Boni, Garissa na Lamu, wako Waaweer, ambao lugha yao imo hatarini. Kando ya Mto Tana wako Wamunyoyaya. Haki anayoidai mtoto wa Lafey ni yao vilevile.

Wewe msomaji wangu wa Lafey, leo usiku kaa na ayeeyo wako, yaani bibi yako, chukua qalin, andika hadithi moja kwa Kisomali kama anavyoisimulia. Kesho itafsiri kwa Kiswahili, utuletee na sisi. Na wewe wa Mombasa, Kakamega au Voi, fanya hivyo na bibi yako, kwa lugha yake, angali hai.