Pembe za Ankole zimefika Disney, soko la nyumbani bado

RUHARO, Mbarara. Mfanyabiashara anayetoka Nakivale kuja kufunga mzigo Mbarara hukutana mjini na sanamu ya ng'ombe wa Ankole, yule mwenye pembe ndefu. Tangu 2023 ng'ombe huyo yumo pia katika filamu ya katuni ya Disney. Ajabu ni kwamba watu walioishi naye miaka yote ndio waliokosa pa kuinunua.

Filamu hiyo fupi, Herderboy, iliongozwa na Mganda Raymond Malinga wa studio ya Creatures, Kampala. Ni moja kati ya filamu 10 za Kizazi Moto: Generation Fire, zilizosimamiwa na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini na kutolewa Julai 2023.

Hadithi iko mpakani mwa ufalme wa Wachwezi. Wachungaji walio nusu mtu, nusu mashine wanalinda ng'ombe wanaotoa madini, huku mizimu hatari ikiwashambulia. Kijana mmoja anataka kuthibitisha kwamba naye ni mchungaji.

Mwenyeji wa Ankole haoni pembe hizo kama pambo tu. Wahima wana majina mengi ya rangi na maumbo ya pembe za ng'ombe, na bihogo, mwekundu aliyekolea, ni wa thamani ya pekee. Wachwezi nao husimuliwa kama watawala waliotoweka na kubaki mizimu.

Anime za Kijapani zinazosifiwa kwa kina cha michoro yake zilipita njia hiyohiyo. Katika Princess Mononoke ya 1997, Hayao Miyazaki alichora miungu ya msitu wa kwao ikipambana na wafua chuma.

Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa 1958, yana watu wengi waliokimbia vita vya mashariki mwa Kongo. Kwao, mifugo yenye madini inayoshambuliwa mpakani haihitaji mfasiri.

Lakini Herderboy ilipotoka, huduma ya Disney+ ilikuwa imefika Afrika Kusini, si Uganda. Katika masoko ya aina hii filamu husafiri kwa flashi na kuonyeshwa katika vibanda vya video. Kibanda hupata nauli yake, muuza nakala hupata yake, mchoraji hapati kitu.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2010, inagusa huduma pia, si bidhaa peke yake. Hata hivyo, mwenye shehena ndogo ya bidhaa zilizoorodheshwa, isiyozidi dola 2,000, anaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili. Mwenye kibanda anayetaka kuonyesha filamu kihalali hana njia fupi kama hiyo. Lazima amtafute mwenye haki, wafunge mkataba.

Njia hiyo ikifupishwa, studio za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zitakuwa na wanunuzi jirani. Isipofupishwa, ng'ombe wa Ankole ataendelea kuuzwa mbali, na nyumbani ataonekana kwa nakala ya wizi.