Kokoto na mimea ya kudumu: Dawa ya vumbi na matope mbele ya duka, Arua hadi Koboko

Lami ya barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye urefu wa takriban kilomita 92, imeunganisha mpaka wa Kongo na ule wa Sudan Kusini. Lakini mzigo ukishateremshwa, adui wa zamani husubiri mlangoni: uwanja wa mbele wa duka au nyumba, ulio udongo mwekundu mtupu.

Uwanja uliofagiwa vizuri ni heshima ya mji, na nyoka huonekana mapema. Hata hivyo, ufagio huondoa udongo kidogo kila siku. Kiangazi kuanzia Desemba, vumbi hutua juu ya vitenge, mitumba na mikate. Mvua zikianza, maji huchimba mifereji, huacha msingi wa nyumba wazi na kuingiza matope stoo. Gunia la unga lililolowa chini ni hasara ya mwenye duka.

Wengine humwaga zege uwanja mzima. Zege huzuia vumbi, lakini halinywi maji; mvua kubwa huyasukuma hadi kwa jirani, na ugomvi huanza. Kokoto zikichanganywa na mimea ya kudumu, yaani ile inayoishi miaka mingi bila kupandwa upya, huyaacha maji yazame palepale.

Hesabu yake ni nyepesi. Uwanja wa mita 10 kwa 6, ukifunikwa kokoto kwa unene wa sentimita 5, unahitaji meta 3 za ujazo, karibu tani 4.5. Nusu ikiachiwa mimea, kokoto hupungua kwa nusu. Arua wapo wanaoponda mawe kwa nyundo, wengi wao wanawake, hivyo fedha hiyo hubaki mjini.

Kosa la kawaida ni kumwaga kokoto juu ya udongo laini. Baada ya msimu mmoja huwa zimezama. Kwanza chimba sentimita 10 hadi 15, ukiacha mteremko unaotoka ukutani kwenda nje. Jaza moramu, imwagie maji na ishindilie. Zungushia mawe makubwa au matofali ya kuchoma, kisha mwaga kokoto za milimita 10 hadi 20. Njia ya lori ishindiliwe zaidi au iwekwe mawe. Bila hivyo magurudumu yatachimba.

Kwa mimea, chagua inayovumilia kiangazi. Vetiva ifae ukingoni mwa mteremko, kwa kuwa mizizi yake hushuka wima na kushika udongo. Mchaichai hukua kwa mashina mengi: shina hugawanywa, na mafungu hupandwa bila kununua miche mipya. Bugenvilia ipandwe penye ua, mbali na njia ya wateja kwa sababu ya miiba. Mnyaa uepukwe penye watoto. Utomvu wake hudhuru macho.

Mfanyabiashara anayefikiria kubeba miche kutoka Aru au Ariwara akumbuke kwamba mche haupiti mpakani kama sabuni. Unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka, maana udongo wa mizizi hubeba wadudu na magonjwa hadi mashambani. Aina zote za mishubiri, isipokuwa Aloe vera ya kawaida, zimo katika mkataba wa CITES. Kuing'oa porini na kuivusha bila kibali kunaweza kugharimu shehena nzima.

Wakati nao ni muhimu. Kokoto ziletwe kiangazi, lori likiweza kufika kwenye machimbo, na msingi ushindiliwe mapema. Miche ipandwe mvua za Aprili zikishika, ipate miezi ya kujijenga kabla ya Desemba. Mwaka wa kwanza hudai kumwagiliwa na kung'olewa magugu. Baada ya hapo, ufagio wa asubuhi utabaki na kazi ya majani makavu tu.