Kiingereza cha Nani? Lafudhi Isiwafunge Watoto Wetu Mdomo

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeona tuzungumze juu ya jambo linaloleta kicheko darasani na machozi nyumbani. Ni matamshi ya Kiingereza.

Mama mmoja alitujia jioni, binti yake amejificha nyuma yake. Akasema: "Mwalimu, mutoto wangu hataki tena kusema Kingereza. Batoto benzake banamucheka." Tukakumbuka. Binti alisimama darasani kusema ana njaa, yaani "hungry", lakini mdomoni ikatoka "angri". Kwa Kiingereza hiyo ni "angry", mtu aliyekasirika. Darasa zima likacheka. Na sisi walimu, tuseme ukweli, tulicheka pia. Tangu siku hiyo akiulizwa swali anatikisa kichwa tu.

Kumbe mtoto hakuwa na kosa la ujinga. Alianza shule kwa Kifaransa, na Kifaransa kinaandika herufi h lakini hakiitamki. Alikuja na desturi ya shule yake ya kwanza, basi.

Wiki iliyofuata wawili wetu tulikuwa Kigali, tumefikia kwa ndugu Nyamirambo. Wanaoufahamu mtaa ule wanajua: ni mtaa wa misikiti na wa Waswahili tangu zamani, na jioni barabarani unasikia Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, Kiganda na Kiingereza kwa pamoja. Tulikaa kunywa chai, tukatega sikio. Mmoja alikulia Uganda, mwingine Bujumbura, mwingine Tanzania. Wote Wanyarwanda, na kila mmoja alikuwa na Kiingereza chake. Wa Bujumbura alimeza h kama binti yetu. Mwingine aliagiza wali kwa Kiingereza, "rice", ikasikika "lice", yaani chawa. Wakacheka, naye akacheka, wali ukaletwa. Hakuna aliyenyamaza.

Tukajiuliza, mbona huko ni hivyo? Jibu liko katika historia. Baada ya mwaka 1994 familia nyingi zilizokuwa ukimbizini zilirudi Rwanda. Waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania walirudi na Kiingereza au Kiswahili, waliotoka Burundi na Kongo walirudi na Kifaransa. Mwaka 2007 Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2008 serikali iliamua shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na mwaka 2009 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Walimu waliosoma maisha yao yote kwa Kifaransa walijikuta mbele ya ubao wakifundisha kwa lugha wanayojifunza wao wenyewe. Kwa hiyo mtu wa Kigali akifungua mdomo, mara nyingi unasikia njia aliyopita. Na sisi ni hivyo hivyo.

Sasa tuangalie sauti zenyewe. Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu kama 20. Hizo 20 ziingie wapi katika tano zetu? Zinabanana. Ndiyo maana wengi wetu tunatamka "hut" (kibanda), "hat" (kofia), "heart" (moyo) na "hurt" (kuumia) kwa "a" ile ile. Watu wengi wa kusini mwa Nigeria wao "bus" wanaitamka "bos", sisi tunasema "bas". Na msemaji wa Kinyarwanda anachanganya r na l kwa sababu lugha yake haizitenganishi kama Kiingereza kinavyofanya.

Msidhani wenye lugha wanakubaliana. Nyanya, "tomato", Mwingereza anaita "tomaato", Mmarekani "tomeito". Herufi ya mwisho ya alfabeti London ni "zed", Marekani ni "zii". Neno "car" Mmarekani anaitamka r yake, Mskoti pia, lakini wengi wa London wanaiacha. Mwaka 1926 redio ya BBC iliunda kamati ya kuwashauri watangazaji juu ya matamshi, na kuanzia mwaka 1930 mwenyekiti wake alikuwa mwandishi George Bernard Shaw, mzaliwa wa Dublin, Ireland, si Mwingereza. Leo BBC yenyewe inatangaza kwa lafudhi nyingi.

Hata Kiswahili chetu ni hivyo. Sisi wa Kivu wengi tunasema "samani" tukimaanisha thamani. Ukisema hivyo Dar es Salaam watafikiri unauza viti na meza! Lakini hapa kuna msaada. Anayezoea kutamka vizuri "thelathini" na "dhahabu" tayari ana sauti mbili zinazowasumbua wasemaji wengi wa Kifaransa: ya "think" na ya "this". Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda. Tukitumie hata kujifunzia Kiingereza.

Basi, je, matamshi hayana maana? Hapana. Kuna mahali ambapo sauti moja inabadilisha maisha ya mtu, na hapo tuwe waangalifu.

Kwanza, majina. Familia moja tunayoijua ilitaja jina la mtoto herufi kwa herufi, kwa njia ya Kifaransa, kwa mwandishi aliyezoea Kiingereza. Chukua jina Divine. I ya Kifaransa inasikika kama E ya Kiingereza, na Divine anatoka kwenye karatasi akiwa "Devene". J ya Kifaransa nayo inakaribia G ya Kiingereza. Karatasi zikipishana, mateso ni ya mtoto. Mzazi, usitaje tu: andika jina kwa herufi kubwa, onyesha, halafu soma kilichoandikwa kabla ya kuondoka.

Pili, hesabu. 13 na 30 zinafanana sana. Kwa "thirteen" mkazo uweke mwishoni, kwa "thirty" uweke mwanzoni. Ukiwa kwa daktari taja tarakimu moja moja: moja, tatu.

Tatu, mwili. Njaa, maumivu, moyo: onyesha na kwa mkono. Si aibu.

Tunamaliza na jambo zito. Katika Biblia, Waamuzi sura ya 12, watu walisimamishwa kwenye vivuko vya mto Yordani, wakaambiwa watamke neno moja, "Shibolethi". Aliyeshindwa kutamka "sh" aliuawa. Wengi wetu hatuhitaji kufafanuliwa. Tunakumbuka vizuizi vya barabarani ambapo mtu aliambiwa aseme neno ili ajulikane ni wa wapi. Tumekimbia mambo hayo. Tusiyalete darasani, hata kwa mzaha mdogo.

Wazazi, mtoto akikosea msimkate katikati. Msikilizeni mpaka mwisho, kisha rudieni neno lenyewe polepole. Wakubwa mnaosoma Kiingereza jioni, semeni mbele ya watoto, wasikie na nyinyi mnakosea.

Na yule binti? Tulimwomba msamaha mbele ya darasa. Kisha tukawapa wote kazi: shika kiganja mbele ya mdomo, sema "hungry", usikie pumzi inagusa mkono. Watoto wote, na sisi walimu, tulipuliza viganja kama tunapoza uji. Yeye alifanya kimya kimya. Juzi, saa ya kutoka, alitupita mlangoni akasema taratibu, "Mwalimu, I am hungry." Pumzi ilikuwepo.

Jaribuni na nyinyi nyumbani. Mpaka mwezi ujao, kaeni salama.